Mawe Meupe

4 Machi

Ndugu yangu Kobe,

Salamu kwanza. Hapa nyumbani wote wazima, isipokuwa goti langu la kulia, ambalo limeamua kustaafu bila kuniaga.

Nimekwenda kwa daktari wa mifupa. Ni mwanamke, umri wa kitinda mimba wangu, anaongea polepole na hapotezi maneno. Alinipiga picha, akaibandika kwenye ubao wenye taa, akanionyesha mahali palipotakiwa kuwa na mwanya. Mwanya haupo. Mfupa unasaga mfupa. Akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia nilipiga magoti miaka kumi na tisa. Akainamisha kichwa kwa heshima, akadhani mimi ni mtu wa ibada. Mama Watoto alicheka mpaka akatoa leso. Ikabidi nieleze: jeshi, mabomu ya ardhini, kijiti cha chuma mkononi, kuudunga udongo kwa ubavu, shubiri kwa shubiri.

Anasema anaweza kunitia goti la chuma na plastiki. Si lazima. Namnukuu: "Goti hili halitakuua, Mzee. Utaishi nalo tu." Nilimpenda kwa neno hilo. Kisha akanitajia mabaya bila kuyapaka sukari. Damu inaweza kuganda mguuni, ikapanda mapafuni. Vijidudu vinaweza kukaa kwenye chuma, na vikikaa goti linatolewa, kazi inaanza upya. Kuna moyo, kuna presha yangu, kuna miaka sabini na miwili. Halafu kuna kile kipande cha bomu karibu na uti wa mgongo, unakijua, ulikuwepo kilipoingia. Daktari wa usingizi hataki kupitisha sindano ya ganzi karibu nacho, kwa hiyo itakuwa nusu kaputi, usingizi kamili. Wengi huamka vizuri. Alisema wengi. Hakusema wote.

La mwisho ndilo lililonikaa. Hata mambo yakienda sawa, hawezi kuniahidi kupiga goti tena. Kutembea, ndiyo. Ngazi, ndiyo. Kupiga goti, tutaona. Na wewe unajua cherehani ya miguu haitengenezwi kwa kusimama. Lazima uingie chini yake, umwangalie usoni. Sasa hivi nalala ubavu sakafuni kama fundi magari, na kuinuka naomba msaada wa meza.

Mama Watoto hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anashona. Akishona kimya ujue anafikiri.

Ningepiga simu, lakini tangu lile bomu la darajani masikio yako yanasikia mbu tu. Basi nakuuliza kwa karatasi kama nilivyokuwa nakuuliza kwenye shamba la mabomu: wewe uliye nyuma, unaonaje?

Wako wa mbele,
Kijiti


15 Machi

Kijiti wangu,

Barua imefika na basi, dereva akaileta mwenyewe hadi kwenye geti la pampu. Nimeisoma mara mbili. Siku hizi unaandika barua ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Zamani ulikuwa unaleta mistari mitatu: hatujambo, mvua imenyesha, kwaheri. Tangu goti liharibike, kurasa nne, na kila mwezi. Silalamiki.

Hapa kituoni pampu namba moja ni mzima. Namba mbili ina homa. Simsikii, lakini nikimwekea kiganja ubavuni nasikia anavyotetemeka, kama ng'ombe anayeumwa. Nimewaambia waje kumwangalia beringi. Watakuja wakisikia mji hauna maji.

Usishangae maandishi makubwa. Dukani kalamu za kawaida zimekwisha, wamenipa hii ya kuandikia maboksi.

Msalimie Shemeji. Mwambie suruali aliyonishonea bado ipo, kiuno ndicho kimehama.

Kuhusu swali lako. Simama.

Wako wa nyuma,
Kobe


24 Machi

Kobe,

Nimesimama.

Nilirudi kwa daktari nikamwambia naomba tuahirishe. Akaniuliza kimetokea nini. Nikamwambia mwenzangu amesema simama. Akaweka kalamu chini, nikaona anastahili maelezo.

Nikamweleza tulivyofanya kazi wawili wawili. Wa mbele amepiga magoti, uso karibu na udongo, anaona shubiri moja tu ya dunia. Wa nyuma amesimama wima, anaona upana wote. Wa nyuma akikuwekea mkono begani na kusema simama, unaacha, hata kama umebakiza unene wa ukucha. Huulizi kwa nini. Unarudi kinyumenyume kwenye njia yako mwenyewe hadi kwenye mawe meupe, yale tuliyoyapaka chokaa kuonyesha mwisho wa ardhi iliyokwisha kusafishwa. Hapo, na hapo tu, ndipo wa nyuma anakupa sababu. Nikamtajia na neno la Sajini wetu: simama ya bure haimuumizi mtu, lakini mguu hauna spea.

Alisikiliza vizuri. Kisha akaniuliza, "Na huyo mwenzako ameiona picha ya goti?" Nikasema hajaiona. "Amekuona unavyotembea?" Nikasema ni miaka mitatu hatujaonana. "Sasa ameona nini?" Nikamjibu kwamba hilo haliulizwi kabla ya mawe meupe. Akasema nafasi yangu ataishika hadi mwezi wa saba. Baada ya hapo anahama, na atakayemfuata huenda asipende kumpasua mzee mwenye presha na chuma mgongoni.

Sikumbuki kukuvunjia amri hii hata mara moja, wala wewe kunivunjia. Niliposema simama juu ya yule mwimbaji uliyetaka kumwoa, ulisimama, na mwezi uliofuata akaolewa na mpiga ngoma wake. Uliposema simama juu ya lile lori, nikasimama, na tajiri aliyelinunua analitumia kufugia kuku mpaka leo.

Basi niko kwenye mawe meupe. Nakungoja useme. Goti si baya sana, usiwe na wasiwasi.

Wako wa mbele,
Kijiti

(Nyuma ya karatasi, kwa penseli:) Wino umekwisha. Mama Watoto alitimiza miaka sabini Jumamosi iliyopita. Anauliza mbona safari hii hukumletea salamu zako za siku hiyo. Mwandikie hata mstari mmoja, la sivyo atanuna mpaka Pasaka ya mwakani.


9 Aprili

Kijiti wangu,

Barua yako nimeipata. Nimefurahi umesimama. Daktari huyo anaonekana mtu wa maana, lakini maswali yake ni mengi.

Sababu utaipata. Siwezi kusafiri sasa, namba mbili hajapona, na nikiondoka hapa hakuna mwingine anayejua kumshika mkono. Si jambo la haraka. Goti, kama ulivyosema mwenyewe, si baya. Kaa kwenye kiti chako, weka mguu juu ya kibao, tengeneza bobini na vitu vidogo vidogo vya mezani, uniandikie. Nieleze kuhusu ile cherehani ya mama muuza mashuka iliyokuwa inaruka mishono. Uliianza kwenye barua ya mwezi wa pili, hukuimaliza.

Msalimie Shemeji. Natumaini yu mzima na hana jipya.

Wako wa nyuma,
Kobe


20 Aprili

Shemeji Kobe,

Nakuandikia kwa kalamu nene, kwenye karatasi ya kukatia patani za nguo, herufi kubwa kama bango la duka. Ukinikuta nimekosea utanisamehe. Lakini sidhani nimekosea.

Mimi nakufahamu tangu siku uliyosimama pembeni ya mume wangu kwenye harusi ukiwa umevaa viatu vya kuazima. Hujawahi kusahau siku yangu ya kuzaliwa. Mwaka ule mlipokuwa mpakani ulinitumia salamu kwa redio ya jeshi, mkaadhibiwa wote wawili. Mwaka huu mwenzako amekuandikia kabisa kwamba nimetimiza sabini, na wewe umejibu kila kitu isipokuwa hilo. Nikaichukua nakala yake kichwani mwangu nikaipitia: vyote ulivyojibu vilikuwa upande wa mbele, kwa wino. Hilo lilikuwa nyuma, kwa penseli. Halafu hiyo hadithi ya kalamu ya maboksi. Shemeji, duka gani hilo linalokosa kalamu mwezi mzima?

Huoni. Au unaona kidogo sana. Nimekosea?

Sasa nikuambie asiyokuambia yeye. Tunaishi juu, karakana iko chini, na ngazi ni za chuma, za nje, unazikumbuka. Anashuka kwa makalio. Kila asubuhi, kabla majirani hawajafungua madirisha, anakaa kwenye ngazi ya juu na kuteremka moja moja kama mtoto anayejifunza. Jioni anapanda kwa kuvuta reli, na mimi nyuma namsukuma kama mzigo wa pamba. Mwezi uliopita reli ilimponyoka. Alianguka ngazi tatu, akaninyamazisha nisimwambie hata binti yetu. Kidole kimoja bado kimevimba. Usiku goti linamuuma, anajifanya anaota.

Sikuandikii ili useme akapasuliwe. Mimi mwenyewe sijui. Nimeolewa na mwanajeshi, nimezoea kungoja habari, lakini nilikuwa kijana. Daktari aliposema "wengi huamka", nilihesabu wale wasiokuwa wengi. Akibaki hivi, ipo siku ngazi zitamuua. Akienda, huenda meza ikamuua. Hayo ni yake kuyapima, na anaweza, akili yake ni nzima kuliko goti. Ila hawezi kuyapima na mkono wako begani. Atakaa pale kwenye mawe yenu meupe mpaka mwezi wa saba upite, kwa sababu wewe umesema, na wewe hujaona kitu.

Ninyi mna sheria zenu, sitaziingilia. Lakini nimekaa nazo miaka arobaini na sita, nazijua. Anayesema simama anakuja kwenye mawe. Hatumi barua.

Shemeji yako,
Mshonaji


1 Mei

Shemeji yangu mpendwa,

Barua hii inaandikwa na mwuguzi wa zahanati yetu. Mimi nasema, yeye anaandika. Ameniomba niseme hivyo mwanzoni ili usidhani nimejifunza mwandiko mzuri uzeeni.

Kwanza, heri ya miaka sabini. Nisamehe. Upande wa penseli niliuona kama karatasi iliyochafuka.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto naona mwanga tu. La kulia naona kama mtu anayechungulia kupitia glasi ya maziwa. Si tatizo kubwa, kazi naifanya.

(Mimi mwandishi naongeza: si kweli. Mzee anasoma geji ya pampu kwa kuipapasa, na juzi alimsalimia mbuzi.)

Mbuzi alikuwa amesimama kama mtu. Wananiambia ni upasuaji mdogo, unakwenda asubuhi, jioni unarudi. Si lazima, wanasema, ni hiari yangu. Nimekataa mara mbili. Kukosea goti, unachechemea. Kukosea jicho, na mimi masikio sina, nabaki na kiganja tu. Kwa hiyo usidhani simwelewi mumeo.

Sababu ya ile simama sitakupa wewe. Ni yake. Lakini umesema kweli kwamba anayesema anakwenda, na wa nyuma asiyeona si wa nyuma, ni mzigo. Nitapanda basi mwezi huu, mwuguzi atanipakia kama kifurushi. Tafadhali usimwambie habari ya macho. Nitamwambia mwenyewe.

(Nimemwambia atajulikana akiwa bado mlangoni. Anasema yeye ni mwerevu.)

Shemeji yako,
Kobe


25 Mei

Kobe mjinga,

Basi lako natumaini limefika salama. Dereva nilimwambia akushushe mkononi mwa mwuguzi, akanijibu kwamba tayari ana amri hiyo kutoka upande wa pili.

Mwerevu wewe. Ulimkumbatia mteja wangu, fundi wa vitanda, ukamwambia "Kijiti, umenenepa." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Hata hivyo nisikucheke sana, maana nilikuwa nimemwagiza Mama Watoto anishushe kabla hujafika ili unikute nimesimama kama mtu mzima, na ulipotaka kupanda juu kunywa chai nikakuambia chai ni tamu zaidi karakanani. Wazee wawili, kila mmoja anaficha kiungo.

Ninachokumbuka zaidi ni pale kwenye ngazi. Mwishowe ulijua ninavyoshuka. Ulikwenda ukazipapasa moja moja kwa viganja, kutoka ya chini hadi ya juu, ukikagua ukingo wa kila moja, kama tulivyokuwa tunakagua. Kisha ukakaa juu kabisa, ukateremka kwa makalio mpaka chini. Mtu mzima, nguo za safari. Ukafika ukasema, "Hapana. Hii si njia ya kumpitisha mtu."

Ila sababu hukunipa. Nilikuuliza kwa kupiga kelele kwenye sikio lako la kushoto mpaka muuza vocha akatoka nje kuangalia kama kuna ugomvi. Ukasema tu, "Baadaye." Nimekubali, ingawa sheria haina baadaye. Uliondoa mkono begani mwangu mbele ya mashahidi, hilo linatosha, na nimekuwa nikipima mwenyewe.

Nimepima hivi. Nikikataa, nina goti hili na ngazi hizi, na siku zangu zitakuwa zinafupika kwa urefu wa reli. Nikikubali, nina asubuhi moja ya hatari kubwa na majuma kadhaa ya hatari ndogo, na huenda nisipige goti tena. Lakini goti siwezi kulipiga hata sasa. Hilo nilikuwa sijaliona. Nilikuwa naogopa kupoteza kitu ambacho tayari sinacho. Daktari nimemuuliza maswali yote mapya niliyokuwa nayo, akajibu yote isipokuwa moja, akasema hilo hajui. Mtu anayejua mwisho wa anachojua, huyo nampa goti langu.

Kwa hiyo naingia. Lakini kwa sharti, na Mama Watoto ni shahidi. Mimi siendi mbele bila mtu nyuma, na nyuma anakaa mtu anayeona. Katengeneze jicho kwanza. Hata moja.

Wako wa mbele,
Kijiti


28 Juni

Kijiti wangu,

Tazama mwandiko. Kalamu ya kawaida, mistari imenyooka. Dukani zimerudi.

Ni jicho la kulia. Niliogopa kuliko siku ya kwanza shambani, nakuambia ukweli. Wakaniwekea matone, wakanifunika uso kwa kitambaa chenye tundu, na nilichokiona ni taa tatu za rangi zinazoogelea. Daktari alikuwa anaongea lakini unajua masikio yangu, sikupata hata neno, kwa hiyo mwuguzi alinishika mkono na tukakubaliana: akiminya mara moja nisitikisike, akiminya mara mbili mambo ni mazuri. Aliminya mara mbili, tena nyingi, nadhani alikuwa anafurahia.

Asubuhi ya pili wakafungua bendeji. Ukuta ulikuwa mweupe. Nilikuwa nadhani umepakwa rangi ya krimu. Kisha nikajitazama kwenye kioo cha zahanati, nikauliza yule mzee ni nani na kwa nini hakuna aliyeniambia. Pampu namba mbili ina kutu ambayo sikuwahi kuijua. Nilimwomba radhi.

La kushoto watalifanya baadaye. Hili moja linatosha kukuona.

Nimesoma tena barua zako zote tangu mwaka jana, pamoja na pande za nyuma. Ulikuwa umeandika mengi kwa penseli, wewe mtu bahili wa wino.

Nitafika siku mbili kabla ya upasuaji wako. Nitalala karakanani, usimsumbue Shemeji kwa mambo ya shuka.

Wako wa nyuma, anayeona,
Kobe


14 Julai
Hospitali, benchi la nje ya chumba cha upasuaji

Kijiti,

Wamekuingiza. Uliponipungia mkono umelala kwenye kitanda cha magurudumu na kofia ya karatasi kichwani, ulifanana na mpishi. Shemeji yuko kando yangu anashona ukingo wa kitambaa ambacho hakihitaji ukingo.

Nitampa mwuguzi wa wodi barua hii. Nimemwambia akupe ukiamka, si kabla. Ukiisoma, utakuwa kwenye mawe meupe, na mimi ninadaiwa sababu. Pale kwenu sikuweza. Wewe unaweza kunong'ona, mimi siwezi, sauti yangu siijui ukubwa wake. Sababu nyingine hazisemwi mbele ya muuza vocha.

Sikuona kitu. Hakukuwa na hatari yoyote niliyoiona ambayo daktari hakuiona. Nilisema simama kwa ajili yangu.

Nyumba yangu unaijua. Pampu mbili na kitanda. Simu ni kelele ya mbu. Watu wakizungumza naona midomo, na mwaka huu hata midomo ilianza kupotea. Kilichobaki kilikuwa barua zako. Na barua zako zilianza kuwa ndefu goti lilipoharibika. Mtu mwenye miguu mizuri anaandika mistari mitatu. Mtu aliyekaa kwenye kiti mguu juu ya kibao anaandika kurasa nne: cherehani ya mama muuza mashuka, kelele za jirani, alichosema Shemeji na alichomaanisha. Nilikuwa naiweka karatasi karibu na pua, dirishani, saa ya mwanga mkali, nikipata neno moja moja. Ilinichukua siku nzima kusikiliza barua moja. Ilikuwa siku nzuri.

Ulipouliza, nilipima mambo mawili. Ufe mezani, nisibaki na mtu. Au upone, utembee, usiniandikie. Yote mawili yalinifikisha mahali pamoja. Sikupima la tatu, kwamba unashuka ngazi kwa makalio, kwa sababu hukuniambia na mimi sikutaka kujua. Ulitii neno langu mpaka ukaanguka. Shambani mtu angefanya nilivyofanya mimi tungempokonya kazi ya nyuma, akapike uji.

Walisema itachukua saa mbili. Zimepita. Shemeji amemaliza ukingo, ameufumua, ameanza tena. Mlango una dirisha dogo la kioo, na kila mtu anayepita ndani namwona vizuri sana, mpaka vifungo vya koti lake. Sikujua kwamba kuona kungekuwa hivi.

Hakuna cha kusema tena. Niko nyuma yako.

Kobe


30 Julai
Hospitali, kitanda cha dirishani

Ndugu yangu Kobe,

Naandika mwenyewe, usimwamini atakayekuambia vinginevyo.

Barua yako nilipewa nikiwa nimeamka, lakini sikuisoma siku hiyo wala kesho yake. Wewe ulikuwepo kwa ile homa, mimi sikuwepo. Wananiambia joto lilipanda, wakaogopa vijidudu vimeingia kwenye chuma, wakachukua damu mara kwa mara, na kumbe ni kifua, kwa sababu ya ule usingizi mrefu. Wananiambia pia kwamba kulikuwa na mzee mmoja kwenye kiti aliyekuwa akimwambia kila daktari anayeingia kwamba yeye ni wa nyuma, na alikataa kwenda hata kula mpaka dripu ibadilishwe mbele ya jicho lake moja. Mwuguzi anakuulizia. Anasema wodi imepoa tangu urudi kwenye pampu zako.

Nimeisoma sasa, mara tatu. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, nikatafuta hasira kila mahali, sikuipata. Sajini hakutuambia kamwe kwamba wa nyuma lazima awe ameona bomu. Alisema tu wa mbele asiulize. Ile simama ya kule kwenye shamba la mahindi, uliponirudisha nikiwa nusu njia na hukunionyesha kitu chochote, ulisema ni udongo uliofukuliwa. Nami nilikuwa nimepita pale jana yake, udongo haukuwa umefukuliwa. Sikukuambia. Nilikuwa na homa ya malaria siku ile, na mikono ilikuwa inatetemeka. Basi usinielezee habari za uji.

Ila hesabu yako ya barua ina kosa, na nataka nikuonyeshe kwa utaratibu. Kwanza, mtu anaandika kwa mkono, si kwa goti. Pili, hizo kurasa nne hazikuletwa na

*

Shemeji, ni mimi, kwa kalamu ile nene ingawa sasa unaona.

Mtu wa mazoezi amekuja na fremu yake ya kutembelea, na mwenzako ameitupa kalamu katikati ya sentensi kama unavyoona. Sasa hivi yuko ukumbini. Amefika kwenye mlango wa mwisho. Anageuka. Anatembea kama bata, usimwambie nimesema. Kuna ngazi nne za kufanyia mazoezi pale kando, hajaambiwa aziguse, na naona anavyoziangalia.

Anapiga kelele nikuandikie kwamba barua hii ni fupi kwa sababu ana shughuli, na usianze kulia. Iliyobaki atakuja kukusomea mwenyewe huko kwenye pampu, kwa sikio la kushoto, akiruhusiwa kupanda basi. Nimemwambia mtaa mzima utasikia. Anasema ndiyo maana yake.

Nimemuuliza kuhusu zile ngazi nne, akisogea huko nifanye nini. Amesema nisimwambie simama, hilo si neno langu. Basi nimesimama nyuma yake, kwa niaba yako.

Shemeji yako,
Mshonaji